Kila Kitu Isipokuwa Mikono

Mtaani walimwita Glavu, naye aliitikia bila kinyongo, maana jina la kubandikwa ukilikasirikia ndiyo unazidi kuligandisha. Alikuwa fundi cherehani, bingwa wa magauni ya harusi, na kutwa nzima mikono yake ilikaa ndani ya glavu nyeupe za pamba. Wateja wapya walidhani ni madaha ya ufundi. "Huyu si fundi wa mchezo," waliambiana mabibi harusi, "hataki hata jasho lake liguse satini." Glavu aliacha sifa zimwangukie.

Ukweli wenyewe ni kwamba alikuwa na pumu ya ngozi tangu utotoni. Siku nzuri viganja vilikuwa vikavu tu, vinawasha. Siku mbaya vidole vilipasuka kwenye maungio, vikatoa majimaji na damu, na tone moja la damu kwenye gauni jeupe, ndugu yangu, ni kesi isiyo na wakili. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Lakini nenda kamwambie hivyo mama anayelipia gauni la binti yake, uone kama hatavuta mkono wake aufiche mgongoni.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kati kwa pazia la maua ya buluu. Mbele palikuwa na kioo kirefu, kijukwaa cha kusimamia mteja na benchi la wanaosubiri. Nyuma kulikuwa na cherehani, pasi, marobota ya vitambaa, na Mama Pacha. Huyo ndiye mkewe, mama wa mapacha wawili ambao wakati huo walikuwa wakubwa tu, wako shule ya bweni wanakula ada. "Ananisaidia kidogo," ndivyo Glavu alivyozoea kusema, ikitokea mtu ameuliza. Mara nyingi hakuna aliyeuliza. Glavu mbele anapima kiuno, anabana pini, anapiga soga. Nyuma ya pazia cherehani inanguruma. Na jamani, hakupata kutokea mteja hata mmoja wa kujiuliza: ikiwa fundi yuko hapa ananipima, kule nyuma anashona nani? Mtu akijitazama kwenye kioo huwa hasikii kitu.

Habari ya bima ililetwa na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Huyo alianguka kwenye ngazi akibandika kibao chake kipya, akavunjika kifundo cha mkono, na watu wakamsikitikia: basi tena, amekwisha. Kumbe mwenzao alikuwa na bima ya ulemavu, ile inayokulipa kila mwezi ukishindwa kufanya kazi kwa ajali au maradhi. Akawa anakaa mlangoni, mkono wa plasta umetundikwa shingoni, anapunga mkono mzima kama waziri, na chakula kinapikwa ndani.

Mama Pacha aliyaona yote hayo kupitia upenyo wa pazia. "Baba Pacha," akasema, "na wewe katafute hicho kitu."

"Mimi mzima."

"Mzima wa wapi? Mikono hiyo ikigoma moja kwa moja tutakula nini, pini?"

"Haijawahi kugoma."

Mama Pacha akarudi kwenye cherehani. Lakini tangu siku hiyo hakumpa nafasi ya kupumua. Asubuhi bima, mchana bima, akimpa chai bima iko kwenye kikombe. Glavu hakuelewa mkewe kapatwa na nini. Mwanamke huyu hakuwahi kuogopa kitu, si nyoka, si mwenye nyumba, leo anaihofia mikono ya mumewe kuliko mwenye mikono?

Mwisho Glavu akamwita wakala wa bima, kijana mmoja mwenye maneno laini ambaye Glavu alimshonea suti. Wakala akakaa kwenye benchi, akaeleza kila kitu vizuri mpaka Glavu akadhani ameelewa. "Fundi, neno langu ni moja," alisema. "Usifiche kitu. Ukificha maradhi leo, siku ya kudai watayachimba, na hupati hata thumni. Sema yote. Kisha utaonwa na daktari wa kampuni."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akaitikia Mama Pacha kutoka nyuma ya pazia.

"Haswa, mama," wakala akasema, akilisemesha pazia.

Sasa sikiliza kosa alilofanya Glavu, maana ni kosa la fundi wa magauni tu, mtu mwingine asingelifanya. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu walichokiita kulaza mikono. Kila kitambaa cheupe kilipokaribia kukatwa, Glavu alipaka dawa yake nzito jioni, akafungwa vitambaa laini mpaka kwenye vifundo, akalishwa na mkewe kwa kijiko kama mtoto, akalala. Siku chache hivyo, na mikono huamka laini kabisa. Basi alipopewa siku ya kwenda kwa daktari, alifanya nini? Akailaza mikono. Wala hakukusudia kumdanganya mtu. Fundi hampi mteja nguo isiyopigwa pasi, na Glavu hakuweza kumpelekea daktari mikono yenye makunyanzi. Angeonekana mchafu!

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akaishika mikono ya Glavu, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mbona mizuri kuliko ya kwangu?"

"Ni migonjwa hiyo, daktari. Leo tu imetulia."

"Inaumwa tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Mwaka jana ulishindwa kazi siku ngapi kwa sababu yake?"

Hapo Glavu akakaa wima. Hilo ndilo swali alilolipenda. "Hata moja!" akasema. "Sijawahi kumkosesha mtu harusi yake. Waulize."

Daktari akaandika. Glavu akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jibu lilipokuja, wakala alilileta mwenyewe na uso wa mtu aliyeleta keki iliyokatwa kipande. Kampuni imemkubali. Itamlipa akivunjika mguu. Itamlipa akipofuka, moyo ukimsumbua, figo zikimgomea. Itamlipa kwa kila kitu isipokuwa maradhi ya ngozi na chochote kitakachoipata mikono kwa sababu ya ngozi hiyo.

Glavu akaduwaa. "Subiri, kijana. Rudia. Nikivunjika mguu mnanilipa?"

"Ndiyo, fundi."

"Kwani mimi nashona kwa mguu?"

"Fundi, sikiliza..."

"Cherehani yangu ya umeme! Mguu unabonyeza tu, hata paka anaweza kubonyeza. Mikono ndiyo inashona, na mikono mmeitoa!"

"Wameitoa kwa sababu ni migonjwa."

"Daktari wenu amesema mizuri kuliko ya kwake!"

"Ndiyo, lakini wewe mwenyewe umesema ni migonjwa."

"Si wewe uliniambia nisifiche?"

Wakala akafuta jasho. Glavu akalishika jambo lile akalipindua huku na huku, kama mtu anayetafuta mbele na nyuma ya nguo isiyo na shingo. Ikiwa ugonjwa haumzuii kazi, wanauogopea nini? Ikiwa unamzuia, mbona wanaandika kwamba hajawahi kuzuiwa? Ama ni mgonjwa ama si mgonjwa! Wakala akajaribu kumwambia kwamba akikaa muda mrefu akitibiwa na daktari wake, ngozi ikatulia, kampuni inaweza kulitazama upya hilo sharti. Akamsihi achukue hicho kilichopo kwa sasa. Nusu shari kuliko shari kamili. Lakini Glavu alishapandwa na mori, na mtu aliyechanganyikiwa akipandwa na mori, mwache apite.

"Hawakuiona ikiwa mibaya," akamwambia mkewe wakala alipoondoka. "Wameiona imelala. Sasa nitawapelekea ikiwa macho."

"Baba Pacha, tuna gauni la harusi mezani. Na nguo za wasimamizi."

"Si utanisaidia kidogo?"

Mama Pacha alilivuta pazia likafunga vizuri.

Basi Glavu akaacha dawa. Akaacha kupaka hata mafuta, akaosha vyombo kwa sabuni kali, kazi ambayo hajaifanya tangu aoe, mpaka mkewe akauliza nani kamroga. Ngozi haikumwangusha. Vidole vilipasuka, viganja vikawa vyekundu, akashindwa kushika mkasi, kisha akashindwa kushika kikombe. Aliumia sana. Usiku hakupata usingizi kwa kuwashwa, na mchana alikaa mbele ya duka anaelekeza wateja kwa kidevu. Nyuma ya pazia cherehani ilinguruma tangu kunakucha mpaka giza, na ikinyamaza kidogo Glavu aliuliza, "Vipi huko?" nayo ikaanza tena.

Safari hii, katika ofisi ya kampuni, alimkuta daktari mwingine, mzee mpole mwenye mvi. Glavu akavua glavu polepole, kwa mbwembwe zote. Mzee akakunja uso.

"Lo! Pole sana. Kwa hali hii unaweza kushona?"

"Kushona?" Glavu akacheka kwa ushindi. "Daktari, siwezi hata kufunga kifungo changu. Shati hili nimefungwa na mke wangu."

"Tangu lini hufanyi kazi?"

"Wiki kadhaa sasa. Sishiki kitu!"

Mzee akaweka kalamu chini. "Basi, bwana, siwezi kukupitisha. Hii bima ni ya mtu anayeweza kushindwa kazi. Wewe umeshashindwa. Nyumba ikishika moto huwezi kuikatia bima ya moto."

Glavu akasogea mbele. "Lakini mara ya kwanza nilikuja moto umezimwa, mkasema mtanipa kila kitu isipokuwa mikono!"

"Hiyo nayo itabidi isimame kwanza. Rudi ukipona."

"Nikipona mtaniambia sina ugonjwa?"

"Ukipona tutaiacha mikono nje, tukupe yaliyobaki."

"Na nikiumwa?"

"Ukiumwa hatukupi kitu."

"Sasa mimi mnanitaka niwe nani?" Glavu aliuliza, na hakuwa anagomba tena. Alikuwa anauliza kweli. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, akamfungia vifungo vya mikono ya shati, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakuweza, akamfungulia mlango.

Akarudi kwa miguu. Mtaka yote hukosa yote. Alitoka nyumbani ana nusu, anarudi mikono mitupu, na mikono yenyewe ndiyo hiyo. Njia nzima alikuwa anajisemesha. Hivi kampuni ndiyo haina akili, au ni yeye? Na mbona hakumbuki siku hata moja aliyoshindwa kazi, wakati mikono hii imepasuka kila mwaka tangu afungue duka? Mabibi harusi wote wale walivaa nini kanisani na bomani? Alilisogelea swali hilo, likamtisha, akaliacha.

Alipokaribia duka alihisi kuna kitu hakipo. Alisimama barabarani kabla hajakitambua. Cherehani ilikuwa kimya.

Ndani, mama wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Ehee, fundi, umekuja. Nimegonga hodi mpaka nimechoka. Leo hata ule mlio wa nyuma husikii." Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Glavu akapita nyuma ya pazia. Mama Pacha alikuwa amelala sakafuni, chali, kati ya meza na cherehani, macho yanatazama dari. Gauni lilikuwa limeviringwa vizuri juu ya kiti, halikuguswa hata na vumbi. Glavu akapiga magoti.

"Mama Pacha! Una nini?"

"Mgongo," akanong'ona. "Nimeinuka kuchukua uzi, ukakaza. Siwezi kugeuka. Usiniguse."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoondoka. Nilimsikia huyo mama, nikaona aibu kuitika nimelala chini. Bima wamesemaje?"

"Wamekataa yote."

Mama Pacha akafumba macho. Chozi likamtoka likashukia sikioni, na hakuwa na jinsi ya kulifuta. Glavu akanyoosha mkono, akakumbuka ulivyo, akaurudisha.

"Basi sikiliza," mkewe akasema, sauti ya chini ili mteja asisikie. "Miaka yote hii mikono yako ikigoma, ninakaa mimi hapa. Sijalalamika. Lakini mgongo huu umeanza kuniuma tangu mwaka juzi, Baba Pacha, na nimeogopa. Ndiyo maana nilikung'ang'ania na bima. Nilitaka siku ukishindwa, tulipwe, na mimi nilale. Hivi mikono yako ikipasuka wewe una mimi. Mimi nikilala hapa, nani atalipwa? Tutakula nini?"

Kila neno Glavu alilowaambia madaktari lilimrudia masikioni. Hata moja! Waulize! Kumbe hakudanganya na wala hakusema kweli. Duka halikuwahi kukosa siku hata moja, hilo sawa. Lakini duka si mikono yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na chini ya aibu kulikuwa na hofu tupu ya mtu mzima, kwamba mwanamke huyu anaweza kuvunjika na yeye asiwe na kitambaa cha kumfungia.

Akatoka mbele. Hapo ndipo wakala naye alipoingia, amesikia habari za ofisini, amekuja kutoa pole, uso mrefu.

"Fundi, nimesikia. Tutangoja upone, tuanze upya."

"Tuanze leo. Mwandike mke wangu."

Wakala akashangaa. "Mama? Fundi, hii ni bima ya mtu mwenye kazi. Inalipa kipato kilichopotea. Mama ni mama wa nyumbani, hana kipato cha kupoteza. Kazi yake niandike nini?"

Mama wa bibi harusi alikuwa anasikiliza, masikio yamesimama. Glavu alimwona. Alijua mdomo wa mama yule ulivyo. Lolote atakalolisikia hapa, kesho liko mtaa mzima. Jina lake lote lilikuwa kwenye benchi lile. Watu walikuwa wanatoka mbali kwa ajili ya mkono wa Glavu. Akatamani kusema "ananisaidia kidogo", maneno yalikuwa tayari ulimini, yamezoea njia.

"Siku nilipokuwa nakupima suti," akamuuliza wakala, "ulisikia nini?"

"Nilisikia... Sijui. Cherehani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mbele yangu, umenishika bega." Wakala akalitazama pazia. Mama wa bibi harusi naye akalitazama pazia.

Glavu akavua glavu. Akalishika pazia kwa vidole vilivyopasuka, likamchoma, akalivuta lote mpaka ukutani. "Fundi ni huyu," akasema. "Suti yako ameishona huyu. Gauni la binti yako, mama, ni la huyu. Mimi napima na kusema sana. Mikono yangu imekuwa ikishindwa kazi kila mwaka, na hakuna aliyejua, kwa sababu huyu alikuwa anashona. Andika fundi cherehani."

Wakala akatoa kalamu, akachuchumaa karibu na pale Mama Pacha alipolala. Hakujua amwite nani, akajikohoza. "Samahani. Sheria ni ile ile, lazima niulize. Una tatizo lolote la afya?"

Glavu akashika kichwa. "Mungu wangu! Sasa watautoa mgongo. Watamlipa kila kitu isipokuwa mgongo!"

"Wewe nyamaza," Mama Pacha akasema kutoka sakafuni. "Kijana, andika neno fundi kwanza, nilione. Halafu andika na mgongo, sisi hatufichi. Hayo mengine watabishana na mimi."

Mama wa bibi harusi aliinuka. Glavu akajiandaa kutukanwa. Yule mama akaweka mkoba wake kwenye benchi, akavua viatu, akaingia upande wa nyuma, akainama.

"Pole, fundi," akasema. "Limebaki nini? Niambie nishike wapi."

Glavu alishafungua mdomo kuitikia, kama alivyoitikia miaka yote. Kisha akaona mama yule hamtazami yeye. Akaufunga, akabaki amelishika pazia lisirudi.